Nyuma ya Picha

Mwezi wa Julai 2017 nilikuwa nikiishi Jinja, na jioni nyingi nilizimalizia studioni kwa baba mdogo, aliyesafisha picha za rangi nyeusi na nyeupe miaka mingi kabla simu hazijamwondolea wateja. Siku moja nilimpelekea picha niliyoichapisha kwenye karatasi kubwa, moyo ukinienda mbio.

Asili ya picha hiyo ilikuwa katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani, na televisheni ya huko ilikuwa imetangaza kwamba inamwonyesha Amelia Earhart, rubani Mmarekani, akiwa hai gatini, huko Jaluit katika Visiwa vya Marshall, pamoja na Fred Noonan, aliyekuwa akimwongozea njia. Ndege yao aina ya Lockheed Electra iliruka kutoka Lae, New Guinea, tarehe 2 Julai 1937, kuelekea kisiwa kidogo cha Howland, safari ya zaidi ya kilomita 4,000 juu ya bahari, na haikuonekana tena. Nami nilimpenda mwanamke huyo tangu utotoni, tulipokuwa tukiishi kambini, marehemu baba aliponieleza kwamba wiki tatu hivi kabla ya kupotea alitua Khartoum, mji unaofikiwa na maji haya haya ya Nile yanayotoka kwetu. Nilitamani sana awe alifika nchi kavu.

Nilimwonyesha baba mdogo mtu aliyeketi ukingoni mwa gati akiwa ametupa mgongo, nywele fupi, kisha mwanamume mrefu aliyesimama kushoto, kisha kitu kilichofifia juu ya tishari upande wa kulia, ambacho nilikuwa nimekipima kwa rula na kukiona kinalingana na urefu wa Electra, karibu mita 12.

"Umepima kwa kulinganisha na nini?" aliniuliza.

"Na watu wa gatini, baba."

Alisogeza kioo cha kukuzia, akanionyesha kwamba tishari lilikuwa mbali zaidi kuliko gati, na kwamba kwa kuwa sikujua lilikuwa mbali kiasi gani, rula yangu ingeweza kunipa mita 12 au mita 20, vyovyote nilivyopenda. Kuhusu yule aliyeketi hakusema lolote, kwa sababu mgongo hauna sura. Kisha akaigeuza karatasi, kama alivyozoea kugeuza kila picha iliyoingia studioni, maana yeye huandika tarehe nyuma kwa penseli kabla hata karatasi haijakauka vizuri.

"Ilipigwa lini?"

"Wanasema ni 1937."

"Nimekuuliza ilipigwa lini, sikukuuliza wanasema nini."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Siku chache baadaye habari zikaja kwamba Kota Yamano, Mjapani anayefuatilia historia ya kijeshi, alikuwa ameitafuta picha hiyo katika maktaba ya taifa ya Japani na kuikuta ndani ya kitabu cha safari kilichochapishwa Oktoba 1935, karibu miaka miwili kabla Earhart hajapotea. Ilimchukua nusu saa tu. Niliisoma habari hiyo nimesimama barabarani, na huzuni iliyonipata ilikuwa kama ya kumpoteza mtu mara ya pili.

Baba mdogo hakunicheka. Aliomba ile karatasi, akailaza kifudifudi mezani, akachonga penseli yake na kuandika polepole: Jaluit, si baada ya Oktoba 1935.