Kiungani, walikopanga herufi zetu

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Minaki. Alisomea ualimu pale Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kisarawe, na mpaka uzeeni hakuandika barua bila kwanza kupiga mistari kwa rula. Tukimsifia chuo chake alikuwa akitusahihisha: "Minaki ni mwana. Mama yake ni Kiungani." Nilikua nikidhani Kiungani ni kijiji cha kwao.

Kumbe kilikuwa chuo cha misheni huko Unguja, nami nimekuja kukijua kupitia kazi. Nasahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, za vitabu vya Kiswahili, mwaka wa 14 sasa, na mtu wa kazi hii siku moja hujiuliza: hizi k na w ninazohangaika nazo, nani alizipanga mwanzo kwenye karatasi? Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Babu.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer alifika Unguja pamoja na Dakta Edward Steere. Misheni yao, UMCA, ya Waanglikana wa vyuo vikuu vya Uingereza, ilikuwa imejaribu kuanzia bara, upande wa Nyasa, ikashindwa. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Unguja wakapewa na Sultani Majid wavulana 5 waliookolewa utumwani. Chuo kilianza hivyo: watoto watano wasio na baba, mama wala mjomba wa karibu, na Waingereza wawili ambao Kiswahili chenyewe walikuwa bado wanajifunza. Baadaye likapatikana shamba la Kiungani, kusini ya mji, pwani, na wavulana wakazidi kuletwa kadiri majahazi ya watumwa yalivyokamatwa.

Hebu fikiria bweni lile usiku. Huyu Myao, yule Mmakua, mwingine katoka mbali zaidi. Kila mmoja ana lugha aliyoimbiwa na mama yake, na hakuna wa kuizungumza naye, au wako wawili tu. Walichoshirikiana ni Kiswahili. Mwaka 1887 mwalimu A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi, alichapisha kwa Kiingereza habari ambazo wavulana hao waliandika wenyewe: walivyokamatwa, walivyouzwa mkono hadi mkono, mpaka wakaiona bahari. Kwa mwalimu zilikuwa insha za darasani. Mimi nilizisoma kidogo kidogo kwa wiki tatu, maana kila nilipomaliza moja ilibidi nifunge kitabu, nitoke nje nitembee.

Na kulikuwa na mashine ya kupiga chapa. Steere alikuwa mtu wa chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi. Waliozaliwa na kompyuta hawajui uzito wa kazi hiyo. Herufi za madini ya risasi zimelala kwenye vijisanduku; unaokota moja moja, unaipanga kichwa chini kwenye kidude cha chuma unachoshika kwa mkono wa kushoto, na kila herufi imegeuka kama kwenye kioo. Mtoto aliyejifunza kusoma juzi tu ilimpasa asome tena kinyumenyume. Ukikosea herufi moja, unaichomoa kwa ncha ya koleo na mstari mzima unatikisika.

Halafu kuna jambo ambalo msahihishaji ataliona haraka. Seti za herufi zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha inayokula e kuliko herufi nyingine zote na inayoigusa k mara chache. Sasa chukua maneno haya ya Kiswahili: "kwa kuwa watu wakakaa". Yana a 7, k 4, w 4, na e hakuna hata moja. Naliona sanduku la k likikauka kabla ukurasa haujafika nusu.

Tunapozungumzia Kiswahili sanifu tunaanzia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi, na kamati ya lugha iliyoundwa 1930. Sawa. Ni kweli pia kwamba Waswahili walikuwa wakiandika kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya misheni yoyote, na mtu asidanganywe kwamba tulifundishwa kuandika. Lakini ukurasa wa Kiswahili uliopigwa chapa kwa herufi hizi tunazotumia leo ulipitia vidole vya vijana waliotoka utumwani, na mimi naona ni haki yao kutajwa kila mara kamati ile inapotajwa.

Maisha ya chuo yalikwenda kwa kengele: kanisani, darasani, kazini, kanisani tena. Jioni mpira, vijana wa Kiungani ni miongoni mwa watu wa kwanza kusakata kandanda Unguja. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Frank Weston alikuwa mkuu wa chuo tangu 1901 mpaka alipofanywa askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Mwaka 1925 chuo kikavuka bahari kwenda Minaki, na humo ndimo Babu alimoingia akiwa kijana, pamoja na rula yake.

Mwaka jana nilikwenda Mkunazini, mjini Unguja, kwenye kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Steere amezikwa nyuma ya altare. Nilisimama hapo kitambo, kisha nikamwombea Babu pia.

Barua yake ya mwisho kwangu ninayo. Mistari ya penseli bado inaonekana chini ya wino. Imeanza: "Mjukuu wangu mpendwa, nakuandikia kukujulisha kwamba". Nimehesabu. K ziko 6, e moja tu.