Kutoka samadi ya ndege hadi machungwa: neno lililowaacha watu nje ya Katiba

Mjadala wa jinsi Marekani ilivyochukua nchi za watu ng'ambo ya bahari huwa unaanza na hotuba: ustaarabu, Mungu, masoko ya China, manowari. Hotuba zile ni muhimu, nitazigusa. Lakini anayetaka kuelewa jambo lenyewe lilivyofanya kazi aanze na risiti ya forodha.

Novemba 1900, kampuni ya S.B. Downes ya New York iliingiza shehena ya machungwa kutoka San Juan, Puerto Rico. Mkuu wa ushuru wa bandari, George Bidwell, aliwadai dola 659 na senti 35. Downes walilipa huku wakiweka pingamizi, kisha wakaenda mahakamani kudai fedha zao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Puerto Rico ilishachukuliwa kutoka Hispania. Katiba ya Marekani inasema ushuru uwe sawa katika Marekani nzima. Chungwa la Florida halitozwi kitu likiingia New York. Basi la Puerto Rico linatozwa kwa nini?

Jibu la Mahakama ya Juu lilitoka Mei 27, 1901, na bado linawabana watu zaidi ya milioni tatu. Ila ili lieleweke lilikotoka, inabidi turudi miaka 45 nyuma, kwenye mavi ya ndege.

Katikati ya karne ya 19 mashamba ya mashariki mwa Marekani yalikuwa yamechoka. Tumbaku na pamba zilikuwa zimekula rutuba. Dawa iliyojulikana ilikuwa gwano, samadi ya ndege wa baharini, na bora kuliko zote ilitoka visiwa vya Chincha, Peru. Ubora ule ulitokana na ukame: mvua karibu hainyeshi pale, hivyo naitrojeni haioshwi, inabaki ndani ya samadi. Peru ilijua thamani ya mali yake, ikaiuza kwa ukiritimba na kwa bei iliyowauma wakulima. Rais Millard Fillmore aliitaja gwano katika ujumbe wake kwa Bunge mwaka 1850. Mbolea ilikuwa imeshakuwa suala la dola.

Agosti 18, 1856, Bunge likapitisha Sheria ya Visiwa vya Gwano. Utaratibu wake ni huu. Raia wa Marekani akigundua samadi kwenye kisiwa, mwamba au fungu la bahari ambalo haliko chini ya serikali nyingine wala halikaliwi na raia wa nchi nyingine, akakitwaa kwa amani na kukikalia, anapeleka taarifa ya kiapo Wizara ya Mambo ya Nje: jina la mahali, latitudo, longitudo, ushahidi kwamba amekitwaa. Anaweka dhamana. Rais akiridhika, mgunduzi hupewa haki ya peke yake ya kuchimba, mradi awauzie Wamarekani kwa bei isiyozidi dola 8 kwa tani ikifikishwa ubavuni mwa meli, au dola 4 ikichukuliwa pale ilipo. Jeshi linaweza kutumwa kumlinda. Jinai ikitendeka kisiwani, inahukumiwa kana kwamba imetendeka ndani ya meli ya Marekani kwenye bahari kuu. Na samadi ikiisha, Marekani hailazimiki kukishika kisiwa.

Naomba msomaji asiruke namna sheria ile inavyokieleza kisiwa chenyewe. Haisemi kinakuwa sehemu ya Marekani. Inasema kinaweza, kwa hiari ya Rais, kuhesabiwa kuwa "kinachoambatana" na Marekani. Kuambatana tu. Mwanasheria aliyelichagua neno lile alikuwa anawaza mavi ya ndege: tunataka kuchimba, hatutaki kubeba mzigo wa kutawala mwamba mtupu. Kwa mwamba mtupu neno lile halimdhuru mtu.

Utekelezaji ulikuwa na kasoro nyingi. Vipimo vya latitudo na longitudo vilikosewa, na baadhi ya visiwa vilivyoandikishwa havikuwepo kabisa. Vingi vya Pasifiki viko kwenye mvua, kwa hiyo naitrojeni ilikuwa imeshaoshwa na kilichobaki ni fosfeti, ambayo lazima ipikwe kwa asidi ya salfa kabla mmea haujaweza kuitumia vizuri. Vichache vilidumu mikononi mwa Marekani: Baker, Howland, Jarvis, Johnston na Navassa.

Navassa ndiyo inayotuhusu. Ni mwamba wa chokaa wa takriban kilomita tano za mraba, magharibi mwa ncha ya Haiti. Haiti ilisema tangu mwanzo kwamba ni mali yake, na Marekani haikuisikiliza. Kampuni ya fosfeti ya Baltimore ilipeleka pale wafanyakazi Weusi chini ya wasimamizi Weupe. Jua, sururu, baruti, deni la duka la kampuni, adhabu za kufungwa kamba. Hakukuwa na hakimu, polisi wala ofisa yeyote wa serikali wa kupelekewa malalamiko. Septemba 1889 wafanyakazi walichachamaa, na wasimamizi watano wakauawa.

Wafanyakazi walisafirishwa hadi Maryland kushtakiwa, na watatu wakahukumiwa kunyongwa. Wakili wao alitetea kwamba Navassa si Marekani, kwa hiyo mahakama haina mamlaka. Mwaka 1890, katika kesi ya Jones, Mahakama ya Juu ilikataa: sheria ya 1856 ni halali, na serikali ikisema kisiwa kinaambatana nayo, majaji hawalihoji hilo. Rais Benjamin Harrison alibadilisha hukumu ya kifo mwaka 1891, na aliliambia Bunge kuwa haivumiliki vibarua wa Kimarekani kuachwa ndani ya mamlaka ya nchi yao bila ofisa wala mahakama ya kukimbilia. Alikuwa amegusa kidonda chenyewe. Sheria ilikuwa imefika Navassa kwa ajili ya kuadhibu, na haikuwa imefika kwa ajili ya kulinda.

Sasa tuje 1898. Vita na Hispania vilikuwa vifupi, na kwa mkataba wa Paris wa Desemba 10 Marekani ilipata Puerto Rico, Guam na Ufilipino, ikilipa dola milioni 20 kwa Ufilipino. Wafilipino wenyewe walikuwa wameshatangaza uhuru Juni 12. Mjumbe wao, Felipe Agoncillo, alikwenda Paris na hakuruhusiwa kuingia kwenye mazungumzo. Ibara ya 9 ya mkataba ilisema haki za kiraia na hadhi ya kisiasa ya wenyeji vitaamuliwa na Bunge la Marekani. Mikataba ya awali, kama ule wa kununua Louisiana mwaka 1803, iliahidi kwamba wakazi wataingizwa katika Muungano. Safari hii ahadi ile haikuandikwa. Hawaii nayo ilikuwa imechukuliwa Julai mwaka huohuo, kwa azimio la pamoja linalohitaji wingi wa kawaida tu, baada ya mkataba kushindwa kupata theluthi mbili za Seneti; Wahawaii 21,269 walikuwa wametia saini kuupinga.

Desemba 21, 1898, Rais McKinley aliwatangazia Wafilipino kuwa Wamarekani wanakuja si kama wavamizi bali kama marafiki. Siku 45 baadaye, Februari 4, 1899, bunduki zililia nje ya Manila. Tarehe 6 Seneti iliupitisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu juu ya zilizohitajika. Vita ile iliua Wamarekani zaidi ya 4,200, wapiganaji wa Kifilipino zaidi ya 20,000, na raia hadi 200,000 kwa mapigano, njaa na maradhi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapozieleza fikra za wakati ule. Wanadhani ubaguzi wa rangi ulikuwa wa upande wa watwaaji peke yao. La. Seneta Albert Beveridge alisema Januari 1900 kwamba Ufilipino ni yao milele, kwa sababu ya masoko ya China na kwa sababu Mungu amewaandaa watu wa rangi yake kutawala. Lakini Benjamin Tillman wa South Carolina, mbaguzi asiyejificha, alipinga, na sababu yake ilikuwa rangi hiyohiyo: hakutaka mamilioni ya watu wasio Weupe waingizwe ndani ya nchi yake. Wapo pia waliopinga kwa moyo safi, wakiamini serikali isiyo na ridhaa ya watawaliwa ni dhuluma. Hata hivyo kufuli halisi kati ya kambi kubwa mbili lilikuwa moja: ardhi tunaitaka, watu wake tutawafanya nini?

Mwaka 1899 Abbott Lawrence Lowell, aliyekuwa akifundisha Harvard, alitoa ufunguo. Alisema nchi inaweza kuchukua eneo likawa mali yake bila kuwa sehemu yake, na mipaka mingi ya Katiba isifike huko. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Foraker: serikali ya kiraia kwa Puerto Rico, na, kwa bidhaa zake zinazoingia Marekani, ushuru wa asilimia 15 ya viwango vinavyotozwa bidhaa za kigeni. Ndipo machungwa ya Downes yalipoingia bandarini.

Majaji waligawanyika watano kwa wanne. Siku ileile, katika kesi ya sukari ya De Lima, Jaji Henry Billings Brown aliungana na kundi moja kusema Puerto Rico si nchi ya kigeni tena, hivyo ushuru wa bidhaa za kigeni hauihusu. Kisha, katika machungwa, akahamia kundi la pili na kusema kisiwa kile ni milki inayoambatana na Marekani, lakini si sehemu ya Marekani kwa mambo ya ushuru. Neno la samadi lilikuwa limerudi, safari hii juu ya vichwa vya watu karibu milioni moja. Brown hakuficha sababu: watu wa jamii ngeni, wenye dini, desturi na fikra tofauti, huenda wasiweze kwa muda kutawaliwa kwa misingi ya Kianglosaksoni. Ni jaji huyuhuyu aliyeandika hukumu ya Plessy mwaka 1896, iliyohalalisha mabehewa ya Weusi na ya Weupe.

Jaji Edward White alifika kulekule kwa njia yake. Alitoa mfano: raia wa Marekani wagundue kisiwa kisichojulikana, chenye watu wasiostaarabika na ardhi nzuri, je, nchi haina haki ya kukichukua bila kuwafanya wale watu kuwa raia? Miongoni mwa kesi alizozitaja hapo ni ile ya Jones, ya Navassa. Kwa White, Puerto Rico haikuwa ya kigeni kimataifa, ila ilikuwa ya kigeni kwa mambo ya ndani, kwa kuwa haijajumuishwa ndani ya Marekani.

Jaji Mkuu Melville Fuller alikataa, akaonya kwamba Bunge litaweza kuiacha nchi kama kivuli kisicho na mwili, katika hali ya katikati, kwa muda usiojulikana. John Marshall Harlan, aliyekuwa peke yake kuipinga hukumu ya Plessy, aliandika kuwa neno hilo "kujumuishwa" lina maana ya siri ambayo akili yake haiioni. Nadhani aliiona vizuri sana.

Fuller alipatia. Wapuerto Rico walipewa uraia mwaka 1917, lakini mwaka 1922, katika kesi ya Balzac, mahakama ilisema uraia huo hauwapi haki ya kikatiba ya kuhukumiwa na baraza la wazee wa mahakama wakiwa kisiwani. Leo raia wa Puerto Rico akihamia Florida anampigia kura Rais. Akirudi San Juan hapigi. Anayezaliwa Samoa ya Marekani si raia kwa kuzaliwa. Mwaka 2022, katika kesi ya Vaello Madero, mahakama iliruhusu wakazi wa Puerto Rico kunyimwa msaada wa fedha wanaopewa wazee na walemavu maskini wa majimbo. Jaji Neil Gorsuch aliandika siku hiyo kwamba kesi za 1901 zimejengwa juu ya ubaguzi na hazistahili kubaki. Zimebaki.

Sheria ya 1856 nayo haijafutwa. Katika mkusanyiko wa sheria za Marekani, juzuu ya 48 ndiyo ya maeneo ya ng'ambo. Sura ya 4 ni Puerto Rico. Sura ya 8 ni visiwa vya gwano, na "kuambatana" bado limo. Inayofuata, 8A, ni Guam.