Jibu la Kumridhisha Mtesaji

Hoja ya bomu linalokaribia kulipuka, yaani kwamba ni halali kumtesa mateka anayejua bomu lilipo ili kuokoa maisha ya watu, nimeisikia mara nyingi, na kila mara hunishangaza inavyochukulia kwamba mtesaji tayari anajua kuwa mateka aliye mbele yake ndiye mwenye siri. Vitani uhakika huo ni nadra. Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyeshukiwa kuwa wa al-Qaeda, aliyekamatwa mwaka 2001 na kupelekwa Misri, alipoteswa alidai kwamba Iraki iliwafunza al-Qaeda kutumia silaha za kemikali. Dai hilo likaingia katika hotuba ya Marekani mbele ya Baraza la Usalama Februari 2003, vita vya Iraki vikaanza mwezi uliofuata, naye baadaye akayakana yote. Mtu anayeumizwa hutafuta jibu la kumridhisha anayemuumiza, liwe kweli au uongo.

Kinyume chake, Hanns Scharff, mhoji wa jeshi la anga la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, aliwatembeza marubani mateka msituni akipiga nao soga, nao wakamwambia mengi bila kujitambua.

Hata hivyo sipendi kuegemea manufaa peke yake, kwani mateso yangekuwa haramu hata yangefanikiwa: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, unamtaka mateka ataje jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu, na ule wa 1984 dhidi ya mateso haukubali vita viwe kisingizio.