Nilivyopata waya wa kuhamishia transfoma ya amplifaya

Amplifaya aliyoniachia marehemu baba ilikuwa inavuma. Santuri ya Nuta Jazz ikishaanza huusikii, lakini kati ya wimbo na wimbo ulikuwepo: mvumo wa chini, usiokoma. Usiku Sinza ikitulia ulinikera hadi nazima.

Fundi alibadilisha kapasita zote kubwa, zile zinazotunza chaji na kutuliza umeme. Hakuna kilichobadilika. Ndipo nikazima, nikachomoa plagi, nikaacha chaji iishe, nikalegeza bolti ya transfoma, ile ya duara kama kata ya kubebea ndoo, nikaizungusha robo. Nilipowasha tena, mvumo ulikuwa umepungua wazi. Basi tatizo lilikuwa uga wa sumaku wa transfoma yenyewe. Sindano ya gramafoni inatoa takriban milivolti 5 tu, na saketi inayoikuza ilikuwa sentimita 10 kutoka hapo. Nikaamua transfoma itoke, ikae kwenye boksi lake la chuma chini ya meza, umbali wa mita 1.8.

Sikujua kwamba kazi ingekuwa kwenye waya.

Mara ya kwanza nilihamisha transfoma peke yake. Nilinunua Kariakoo waya laini wa milimita mraba 0.75, muuzaji akiniapia, "Bosi, hii kopa tupu." Mvumo wa zamani ulikwisha kweli, lakini ukaja mwingine mkali zaidi, wa kukwaruza. Ilinichukua wiki nzima kuelewa. Kapasita zilikuwa zimebaki ndani ya amplifaya, na kapasita hazivuti umeme kwa utulivu: zinaunyakua kwa vipande vifupi vyenye nguvu, mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa 50 Hz. Vipande vyote hivyo vilikuwa vinapita kwenye waya wangu, nami nilikuwa nimeulaza sambamba na waya mwembamba wa gramafoni. Nilitoa kelele ndani ya boksi nikaitandaza sebuleni.

Kwa hiyo nikahamisha na daraja la dayodi, linalogeuza umeme wa AC kuwa DC, pamoja na kapasita kubwa, mbili za maikrofaradi 10,000. Kwenye amplifaya nikaacha ndogo za 1,000 karibu na transista. Sasa kinachosafiri ni umeme wa moja kwa moja (DC), volti 35 chanya na 35 hasi, ambao tayari umetulia. Hili ndilo lililoniletea nafuu kubwa kuliko unene wowote wa waya, na ningeanza nalo.

Unene nao nikaupigia hesabu. Waya wa shaba wenye milimita mraba 1 una ukinzani wa takriban omu 0.0172 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 3.6. Wa 0.5 unatoa omu 0.12, kwa hiyo muziki ukivuta ampea 4 unapoteza karibu nusu volti. Wa 1.5 unapoteza chini ya volti 0.2. Wa 2.5 unapoteza 0.1, lakini ni mgumu kukunja na haukuingia kwenye pini za plagi niliyoipata. Nikachukua 1.5, kebo laini yenye waya nne ndani: chanya, hasi, sifuri, na ule wa kijani na njano wa ethi, kwa sababu maboksi yote mawili ni ya chuma na yote lazima yafike kwenye ethi ya ukutani.

Safari hii sikumwamini mtu kwa maneno. Dukani, karibu na kona ya Msimbazi na Uhuru, nilimenya ncha, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe. Ndani ulikuwa mweupe: alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu. Nikarudi nyumbani nikakwangua ule wa 0.75, nao ni mweupe. Duka la tatu uzi ulikuwa mwekundu hadi katikati, na nilipoushika kwenye moto wa kiberiti cha gesi uling'aa bila kukatika. Mzee mwenye duka alicheka, akaniambia, "Sasa umenunua, mwanangu." Bei ilikuwa karibu mara mbili. Nililipa.

Mambo mawili sikuyafanyia mchezo. Plagi ya kebo hii ni ya duara yenye pini nne, isiyoweza kuingia kwenye soketi ya ukutani hata mtoto akilazimisha, na upande wa boksi la transfoma ndio wenye matundu, ili pini zenye volti zisikae wazi kebo ikichomolewa. Pia fyuzi mbili, moja ya chanya na moja ya hasi, zipo ndani ya boksi kabla ya kebo, maana kapasita hizo kebo ikibanwa na mguu wa meza zinaweza kuichoma.

Nikapima muziki ukiwa juu: tofauti kati ya boksi na amplifaya haikufika volti 0.2.

Jumapili mama alikuja. Nilikuwa nimeiwasha, sauti nimepandisha, mkono wa gramafoni bado uko hewani. Akaketi, akangoja, kisha akaniuliza, "Mbona huiwashi redio ya baba yako?"