Pete ya mamangu imegeuka nyeupe

Juzi hapa nyumbani Lamu mwanangu kaangusha kile kipima homa cha glasi cha zamani, nilikikuta kwenye kasha la marehemu bibi, kikapasuka na zebaki yote sakafuni. Vitone vinang'aa kama lulu, ukigusa kimoja kinakuwa viwili, watoto wanacheka tu. Mamangu huyo na fagio la chelewa, fyu fyu, vilivyobaki akavizoa kwa vidole na pete anayo mkononi. Baadaye anaitazama dhahabu yake imekuwa nyeupe kama fedha, akaanza kumlaani sonara, "kaniuzia feki!"

Maskini sonara wa watu hana kosa. Zebaki ikigusa dhahabu inashikana nayo hapohapo, na ndio maana wachimbaji kule Migori wanaitumia kuikamata dhahabu kwenye mchanga, halafu wanaichoma zebaki iende na moshi, na huo moshi sasa ndio balaa. Mama hofu yake ilikuwa mtoto asije akameza, kumbe hii ya kipima homa ikimezwa sehemu kubwa hutoka na choo, hatari ni mvuke, hauuoni wala haunuki, ukiuvuta karibu asilimia 80 unabaki mwilini, unaenda kwenye ubongo na figo. Tena haingoji moto, inavukiza yenyewe, na joto hili letu ndio usiseme. Lile fagio nalo limevipasua vitone vikaingia kwenye nyufa.

Nikatoa watoto, nikafungua madirisha, nikalala chini na tochi ili ving'ae, nikavisukuma kwa karatasi ngumu, vile vidogo nikavinasa kwa selotepu, vyote ndani ya chupa nikafunga kifuniko. Fagio pia limetupwa, mama kanuna.

Pete alitaka aipeleke kwa sonara ikatiwe moto, zebaki itoke. Nikamwambia la, ukimficha sonara atauvuta yeye huo mvuke.

Usiku chakula papa mkavu wa nazi, na dada yangu ana mimba. Zebaki ya kwenye samaki ni nyingine, vijidudu vya majini huigeuza, samaki mdogo anaila, mkubwa anamla mdogo, inajaa kwa papa na nduaro, na hiyo ndiyo humfikia mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga uchafu wenye zebaki baharini, watu wakala samaki, ugonjwa ukagunduliwa 1956. Nikamsogezea dada sahani ya dagaa.

Mama akanitazama. "Fagio, pete, sasa na papa pia?"