Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mpigapicha wa harusi na flashi zake

Watu wanatuona ukumbini tunazunguka na kamera shingoni, wanasema kazi rahisi ile, unabonyeza unalipwa. Huu ni mwaka wangu wa 11 naishi kwa picha za harusi hapa Dar es Salaam. Kamera ni nusu tu ya kazi yangu, nusu nyingine ni mwanga. Na mwanga wa harusi ya usiku hauji wenyewe. Naubeba begani kutoka nyumbani Tabata.

Saa 11 alfajiri

Adhana inanikuta mezani na chaja. Flashi moja inakula betri 4 za saizi ya AA. Ninazo 24, zote za kuchaji, nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito kuanzia A hadi F, nne nne. Betri ya kundi A haichanganywi na ya kundi B hata siku moja, maana moja ikichoka inazivuta nyingine chini na flashi inaanza kuchelewa kujaa. Zile za kutupa za dukani nilishaachana nazo. Ukipiga kwa nguvu zote mara kumi mfululizo zinapata moto, kisha unakaa unasubiri ile taa ndogo ya nyuma iwake, sekunde sita, saba, nane. Ndani ya sekunde nane bibi harusi ameshamlisha mwenzake keki, wamefutana midomo, na MC ameita shangazi.

Napanga: flashi tatu, stendi mbili, mwavuli mweupe, triga (kifaa cha redio kinachowasha flashi kwa mbali), karatasi za plastiki za rangi ya chungwa, gundi ya karatasi, lenzi mbili, kadi nne. Chai na chapati nakunywa nimesimama.

Saa 3 asubuhi, Kariakoo

Kijana ninayefanya naye kazi amedunduliza miezi kadhaa anunue flashi yake ya kwanza, akaniomba nimsindikize. Nikamwambia twende mapema kabla jua halijawa kali na Kariakoo haijajaa.

Muuzaji akatuwekea tatu mezani, maneno yakaanza. "Hii kaka ni 60, hii 58, hii ndogo hii 20 tu. Chukua 60, hutajuta." Kijana macho yakamtoka, akashika pochi. Nikamwambia subiri kwanza.

Namba ile ya nguvu ya flashi si ya uongo, ila inataka kusomwa. Maana yake ni umbali kwa mita mara namba ya f, yaani ya upana wa tundu la lenzi, kwa ISO 100, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Flashi ya 60 ukiiweka f/4, kwa hesabu inafika mita 15. Lakini kiwandani waliipima kichwa chake kikiwa kimevutwa hadi 200mm, mwanga umebanwa kama tochi. Ukikirudisha kienee lenzi pana, namba inashuka sana. Na ukigeuza kichwa kikatazama dari, mwanga unapanda, unagonga, unashuka, na kila hatua unaliwa. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaobaki ni robo. Kwa hiyo unaponunua usiulize namba peke yake, uliza pia ilipimwa kichwa kikiwa wapi.

Mimi flashi naikamata kichwani kwanza. Kama hakizunguki hadi kikatazama nyuma yangu kabisa, naiweka chini hata kama ni ya bure. Halafu naangalia kama nguvu inapunguzwa kwa mkono, kutoka nguvu zote hadi 1/128, na kama inasikilizana na triga niliyonayo. Rafu ya chini kulikuwa na flashi moja ya zamani sana, ya mtumba, bei ya kutupa. Kijana akaigusa. Nikamzuia. Baadhi ya flashi za enzi za filamu zinarudisha umeme mkubwa pale zinapochomekwa juu ya kamera, nyingine zaidi ya volti 200, na kamera ya dijitali inaweza kuungua papo hapo.

Yeye alitaka yenye TTL, ile inayojipimia mwanga yenyewe. Si vibaya. Flashi yangu ya juu ya kamera ni TTL, kwa sababu natembea na umbali unabadilika kila hatua. Ukienda kwenye Godox TT685, kwa mfano, angalia herufi inayofuata namba: C ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ukikosea herufi umenunua taa isiyoongea na kamera yako. Lakini TTL ina udhaifu ambao sisi wa harusi tunaujua vizuri. Inaona shela jeupe limejaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Shela linatoka kijivu na uso wa bibi harusi, mweusi mzuri uliopambwa tangu asubuhi, unazama gizani. Unalazimika kuiongeza kwa mkono hata hivyo.

Yeye atakuwa mtu wa stendi, na stendi haitembei. Akachukua Godox TT600, ya kupima kwa mkono, bei nafuu, redio yake iko ndani tayari. Pesa iliyobaki akanunua betri nane za kuchaji. Alikuwa anaifungua na kuifunga boksi njia nzima kwenye bajaji.

Saa 6 mchana mpaka saa 9

Saluni, nyumbani kwa bibi harusi, kanisani. Padri alituita kando kabla ya misa: wakati wa mageuzo flashi hapana. Sawa baba. Nilipandisha ISO, nikapiga kwa mwanga wa madirishani.

Saa 10 na nusu jioni, Coco Beach

Bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo jioni jua linatokea upande wa mji. Ukiwasimamisha maharusi wakaipa bahari mgongo, jua linawachoma usoni, wanakunja macho, jasho linachora mistari kwenye poda. Nawageuza ubavu. Jua liwape ukingo wa dhahabu begani, na flashi kwenye mwavuli upande wa pili ijaze uso.

Kijana akaijaribu flashi yake mpya akaniletea kamera amekunja uso. Nusu ya picha ilikuwa nyeusi, kama mtu amefunika kwa kitambaa. Spidi yake, ule muda kamera inaacha mwanga uingie, ilikuwa 1/500 ya sekunde. Kamera yake mwisho wa kwenda pamoja na flashi ni 1/200. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili, moja la kufungua na moja la kufunga. Ukipita hapo, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufunguka, hivyo flashi inapowaka inaikuta fremu imezibwa nusu. Kuna mbinu ya flashi kuwaka mapigo mengi ya haraka ikaenda na spidi yoyote, lakini nguvu inapungua sana, na kwa jua lile nilitaka nguvu. Akashusha hadi 1/200, f/8, ISO 100. Picha ikakaa. Kazi yake iliyobaki jioni ile ilikuwa kukumbatia stendi, maana upepo wa pale unageuza mwavuli kuwa tanga.

Saa 1 usiku, ukumbini

Ukumbi wa Sinza. Nikainua macho nikachoka kabla ya kuanza. Dari refu, na mpambaji alikuwa amelifunika lote kwa vitambaa vya zambarau. Vizuri kwa macho, balaa kwa flashi. Mwanga unaokwenda kugonga zambarau unarudi zambarau, na ngozi yetu ikipigwa na zambarau inakuwa kama ya mtu anayeumwa.

Nilizunguka ukumbi na kupata kitu kimoja: ukuta wa pembeni kushoto, mweupe, haujapambwa. Nikageuza kichwa cha flashi ya kamera kiutazame ule ukuta. Hapo ukuta wote unakuwa taa. Badala ya mwanga kutoka kwenye kioo kidogo kama kiganja, unatoka kwenye eneo la mita kadhaa, unazunguka mashavu, unaingia chini ya kofia, unafika machoni. Flashi nyingine mbili nikazisimamisha kwenye kona za nyuma, nguvu 1/8, zimefunikwa karatasi ya chungwa zifanane na balbu za ukumbi.

Ndipo nilipokutana na mzee wa kamati.

Nilikuwa mbele ya meza ya wazee wa upande wa bwana harusi. Nikawasalimia, shikamooni, wakaitikia. Nikapiga mbili. Mzee mmoja, koti la kaki, beji ya kamati kifuani, akanyoosha mkono.

"Kijana, taa yako inaangalia kule. Sisi tuko huku."

"Ndiyo mzee wangu, nimeielekeza ukutani makusudi, mwanga unarudi kwenu taratibu."

"Unapiga picha ukuta?"

Meza nzima ikacheka. Nikaeleza tena, kwa heshima. Akasema yeye ameoza watoto wanne, wapigapicha wote walikuwa wanawamulika watu na si kuta. Akasimama. Akamwita mjumbe mwingine wa kamati. Wakaniuliza kama flashi imevunjika shingo. Huku nyuma naisikia sauti ya MC, maharusi wako mlangoni, muziki wa kuingilia umeanza, na mimi nimeshikwa mkono wa shati.

Nikasema basi mzee, nigeuze. Nikaielekeza usoni kwao, nikapiga. Wote saba wakafumba macho kwa pamoja. Nikapiga tena. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, picha ya ukutani na ya usoni, moja baada ya nyingine. Kwenye ya ukutani unamwona mzee mwenyewe: mikunjo ya macho, mvi za kidevuni moja moja, kitambaa cha koti. Kwenye ya usoni paji linang'aa kama kikaango, pua haina umbo, na nyuma yake pazia limebeba kivuli cheusi cha kichwa.

Akaziangalia muda mrefu. Akaweka kidole kwenye ile ya usoni.

"Hii. Hii inang'aa. Hii ndiyo tunayolipia."

Nilikimbia mlangoni. Maharusi walikuwa wameshapiga hatua sita au saba ndani. Hatua zile sina. Naweza kuwapa picha mia tano nzuri, lakini pale walipotokea mlangoni mama yake akapiga kigelegele cha kwanza, sina, na hakuna anayeweza kuwarudishia. Linaniuma mpaka naandika hapa.

Mzee yule namwelewa. Wengi wetu tumekua tukiona picha zilizopigwa flashi usoni, ukutani kwa bibi zetu zimejaa, na mng'ao ule ndio uliokuwa alama ya picha ya kulipia. Lakini ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa namna yake. Ukiipiga na taa ndogo ya karibu, unapata doa jeupe na weusi pembeni. Ukiipa mwanga mpana wa ubavuni, unapata shaba, kahawia, rangi zote alizonazo mtu. Wazee wetu wanastahili mwanga huo kuliko mtu yeyote, na nitaendelea kugeuza kichwa cha flashi hata wakinicheka.

Baada ya hapo saa sikuitazama tena. Shampeni. Keki. Ndafu akaingia amechezewa ngoma, mdomoni ana majani. Foleni ya zawadi, watu wanapita na kanga, na sufuria, na friji imebebwa na vijana wanne, kila kundi linataka picha, kila kundi lina mtu mmoja aliyebaki nyuma anayefungua pochi. Nilibadilisha kundi B nikaweka C, nikabadilisha D. Mgongo. Magoti. Chakula tuliambiwa kipo, tukaambiwa kimeisha.

Kisha umeme ukakatika.

Giza totoro, sauti ikafa, watu wakaguna. Jenereta linachukua muda kuwaka. Nilikuwa karibu na meza ya familia, nikabonyeza nusu. Flashi ikatoa zile alama zake nyekundu hafifu za kuisaidia lenzi kutafuta, zikatua kwenye mikono miwili. Nikabonyeza yote.

Ni bibi yake bibi harusi. Alikuwa amemshika mjukuu wake kiganja, kidole gumba juu ya pete mpya, kama anayehakikisha bado ipo. Hina ya mikono ya binti imefika vifundoni, mishipa ya bibi imesimama, na shela limekunjamana katikati yao. Mwanga ulitoka ukutani, kwa sababu kichwa cha flashi nilikuwa nimekirudisha kule kule. Taa ziliporudi walikuwa wameshaachana mikono. Nilipiga moja tu.

Usiku sana, kwenye ngazi za nje, mwenyekiti wa kamati akanihesabia malipo. Yalipungua laki moja. Kamati imeona, akasema, kuna muda flashi haikuelekezwa kwa wageni. Nikamwambia mwenyekiti, mkataba huu hapa, na picha mtaziona. Akasema tutaongea Jumatatu. Kijana alikuwa amekaa juu ya begi la stendi, flashi yake mpya mapajani, anaipangusa mchanga wa Coco kwa ncha ya shati.

Nimefika nyumbani saa 9 usiku. Nimenakili kadi zote mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, sijawahi kulala kabla ya hilo. Ile ya mikono nimeifungua nikaikuza mpaka pete ikajaa kioo. Betri za kundi D bado za uvuguvugu. Nimeziacha zipoe kabla sijaziweka kwenye chaja. Saa 4 asubuhi kuna ubatizo Kimara.