Saguaro, miiba na maji ya Wayavapai

Jumapili usiku. Mabega yanauma, lakini nisipoandika leo kesho nitaanza kuipamba habari hii.

Tumecheza gofu We-Ko-Pa, kile kiwanja cha pili kinachoitwa Saguaro, mashariki ya Phoenix, Arizona, kwenye ardhi ya Wayavapai wa Fort McDowell, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu wa Bukavu. Si kaka wa tumbo moja. Ugenini unapata ndugu kwa njia nyingi, na huyu nilimpata kanisani, akanifundisha kushika fimbo za gofu. Kazi yake ni kukata na kumwagilia nyasi kwenye kiwanja kingine huku huku bondeni, kwa hiyo kucheza naye ni kama kula hotelini na mpishi: macho yake yako jikoni muda wote.

Mimi gofu niliijua kwa upande wa nje. Uzio, geti, mlinzi, na kijani kinachoonekana kwa vipande ukiwa juu ya daladala. Sikuwahi kumwona mtu wa kwetu akiingia pale bila kubeba mfuko wa mtu mwingine. Arizona ina viwanja vingi vilivyo wazi kwa umma. Ukilipa unacheza, hakuna anayekuuliza umezaliwa na nani. Bei tu ndiyo inayochuja. Majira ya baridi, wanapomiminika watu wanaokimbia theluji, inapaa hadi unajiona mjinga hata kuiuliza. Kiangazi inaporomoka, na kuna sababu: kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, 2023, Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na kupanda. Sisi tumekwenda Novemba, tukapata nafasi ya saa za mwisho za bei nafuu kwa sababu kaka anajua wa kumpigia simu.

Asiyewahi kuona kiwanja cha jangwani asidhani ni mchanga mtupu. Nyasi zipo, ila zimebanwa. Unaanzia kwenye kijukwaa cha kijani, mbele yako panafuata changarawe, vichaka na dungusi kakati (ile mimea minene ya jangwani yenye miiba), halafu ndipo nyasi zinapoanza tena. Mpira usipofika huko, ni wa jangwa. Sura hiyo haikuletwa na upenzi wa mandhari peke yake. Sheria ya maji ya ardhini ya Arizona ya mwaka 1980 ilizaa masharti, na katika maeneo ya Phoenix na Tucson viwanja vipya vikawekewa kikomo cha ekari 90 za nyasi kwa mashimo 18. Wachoraji wa viwanja wakajifunza kuliacha jangwa likae katikati ya mchezo. (Ardhi ya kabila ina haki zake za maji nje ya utaratibu huo wa jimbo. Nitafika huko.)

Mti mkubwa wenyewe wa dungusi kakati ndio saguaro. Nilikuwa nimeuzoea pembeni mwa barabara, sikuwahi kusimama chini ya mmoja nikiwa na shida yangu binafsi. Mpira wangu ulikuwa umelala kwenye shina la mmoja uliokuwa na mikono minne, na nilijua kwamba mkono wa kwanza wa saguaro huchukua miaka 50, 70, wakati mwingine zaidi, kuchomoza. Katika miaka kumi ya mwanzo mche wake haufiki hata urefu wa kidole. Sheria za jimbo zinaukataza kukatwa au kuhamishwa ovyo. Sasa mimi ni nani niuzungushie fimbo ya chuma ule mti? Kanuni za gofu zinaruhusu kutangaza kwamba mpira hauchezeki: unaongezewa pigo moja, unauangusha ndani ya urefu wa fimbo mbili, usisogee karibu na shimo. Nililipa pigo langu bila kinyongo. Kaka alinionyesha saguaro mwingine wenye mpira umenasa mwilini, juu kabisa, na ngozi imeanza kufanya kovu kuuzunguka, kama inavyofanya kwenye matundu ya vigong'ota.

Cholla, aina nyingine ya dungusi kakati, ni habari nyingine. Watu wa huku wanasema unaruka. Hauruki, vipande vyake vinakatika kwa kuguswa tu, na miiba ina vishikizo, kwa hiyo ukivuta kwa vidole unahamishia mkononi kile kilichokuwa kwenye suruali. Wazoefu hubeba kitana. Unapitisha meno yake chini ya kipande, unakirusha mbali, unageuza uso. Kaka alikuwa nacho kwenye mfuko wa fimbo pamoja na soksi za akiba, na ndiye aliyenichomoa kwenye shimo la sita huku akiimba.

Tulipofika kwenye jiwe kubwa nikamkumbusha kisa cha Tiger Woods. Ni mwaka 1999, mashindano ya Phoenix Open, shimo la 13: mpira wake ulisimama nyuma ya mwamba unaokadiriwa kuwa nusu tani. Waamuzi wakakubali kwamba mwamba haukuzikwa ardhini, hivyo ni kizuizi cha kuondolewa kama jani au kijiti. Watazamaji wakausukuma kwa mikono, yeye akapiga. Kaka akanitazama, akalitazama jiwe letu. "Dada, sisi tuko wawili tu."

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kukosekana kwa nyumba. Viwanja vingi vya Scottsdale vimezungukwa na majumba ya kifahari. Unapiga mpira ukiogopa dirisha la mtu. Hapa huoni paa pembeni. Ni jangwa, na kwa mbali Four Peaks, ule mlima wa vilele vinne ulioipa sehemu hii jina lake la Kiyavapai. Nikasema kwa sauti kwamba watu hawa wangeuza viwanja vya kujenga wangetajirika. Nikajibiwa kwa historia, na historia hiyo tumetembea nayo karibu mashimo matano.

Serikali kuu ya Marekani ilikuwa na mpango wa kujenga bwawa la Orme pale mito ya Verde na Salt inapokutana, ili miji ya bondeni ipate maji na kinga ya mafuriko. Bwawa lingezamisha sehemu kubwa ya ardhi ya Fort McDowell, makaburi yakiwemo. Wayavapai wakaahidiwa mamilioni ya dola wahame. Walikuwa mamia tu. Mwaka 1976 wakapiga kura, wakakataa. Septemba 1981 wakatembea siku 3 kwa miguu hadi makao ya serikali ya jimbo mjini Phoenix, wazee na watoto, na Novemba ya mwaka huo mpango ukatupwa. Kila Novemba wanasherehekea. Mwaka 1992 FBI ilikuja na malori kubeba mashine zao za kamari. Wenyeji wakaziba njia kwa magari yao mpaka gavana akaja kuzungumza, na baadaye mkataba ukasainiwa. Kiwanja cha kwanza cha gofu kilifunguliwa mwaka 2001, hiki cha Saguaro mwaka 2006.

Mimi nilikwenda nikiwa na hukumu yangu mfukoni: nyasi jangwani ni ufujaji. Na kaka, ambaye analipwa kuzimwagilia, ananipita kwa ukali. "Hii majani inakunywaka maji kupita sisi bote," alisema, akanieleza jinsi viwanja vingi vya bonde hili vinavyofungwa kwa wiki kadhaa kila vuli ili kupanda nyasi nyingine juu ya zile za bermuda zinazokauka na baridi, maji mchana na usiku, kusudi mtalii wa Januari akute kijani. Anaona bermuda ikiachwa rangi ya majani makavu mchezo hauharibiki. Namkubalia.

Lakini mimi ni wa Kilimanjaro. Kwetu mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, una wenyewe, zamu ya maji hairukwi, na mwenye zamu akiamua kumwagilia maua badala ya mgomba, majirani watasengenya ila hawatamfungia. Hawa Wayavapai waliambiwa maji ni ya wote siku ile yalipotakiwa kuwazamisha. Haki zao za maji zilitambuliwa kwa sheria ya shirikisho mwaka 1990 tu. Kwa hiyo wakiyamwaga kwenye gofu, ya kwao, sioni kwa nini mimi niliyehamia juzi niwe wa kwanza kuwapigia hesabu, wakati upande wa pili wa barabara kuna mabwawa ya kuogelea yasiyohesabika. Kaka anaona natafuta kisingizio cha kurudi kucheza. Tulibishana mpaka maegesho, hatukumalizana.

Matokeo? Amenishinda. Kwa mapigo mangapi, muulizeni mwenyewe, maana tangu jioni anapigia simu kwaya nzima.